Namna ya Kuandaa Tamasha la Filamu za Bajeti Ndogo Mtwara Mjini

Anayetaka kuandaa tamasha la filamu mara nyingi huanza kwa kuwaza jukwaa, zulia jekundu na mgeni rasmi. Mwongozo huu unaanzia kwenye kitambaa na spika, kwa sababu filamu ya bajeti ndogo hutufikia ikiwa tayari imekosa mengi. Imerekodiwa kwa simu au kwa kamera ya kuazima, taa yake ilikuwa jua la asubuhi, waigizaji wake ni majirani na binamu wa mwongozaji, na mhariri wake ameifanyia kazi usiku kwenye kompyuta mpakato inayopata moto. Filamu ya namna hiyo ikioneshwa juu ya shuka lililokunjamana, kwa spika inayokoroma, mtazamaji hawezi kutenganisha upungufu wa filamu na upungufu wa onyesho. Lawama zote atamtwika mwongozaji. Kwa hiyo fedha kidogo zitakazopatikana zitumike kwanza mahali ambapo picha na sauti humfikia mtazamaji, na kitakachobaki, kama kitabaki, ndicho kiende kwenye mapambo.

Mtwara si mahali pageni kwa matamasha. Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za Makonde, Makua na Yao, limewazoesha wakazi kukusanyika kutazama ngoma za makabila hayo. Filamu nazo si ngeni: kibanda umiza, pamoja na viti vyake vya mbao na joto lake, kimekuwa shule ya kwanza ya sinema kwa vijana wengi wa huku. Na kwamba pwani yetu inaweza kuhimili maonyesho ya wazi, tumeoneshwa na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo limekuwa likionesha filamu ndani ya kuta za Ngome Kongwe huku upepo wa Forodhani ukipita. Tofauti ni kwamba wao wana ngome, na sisi tuna uwanja wa mpira na miembe.

Tarehe

Kwa onyesho la nje, kalenda ya Mtwara ina maadui wawili, yaani mvua na upepo. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Kiangazi kinachofuata ndicho chenye usiku mkavu, lakini kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na kiwambo cha kitambaa huwa tanga lisilo na nahodha. Wakati ninaoupendekeza ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, karibu na majira ya maleleji, ambapo kusi imelegea na mvua bado haijafika. Wapo watakaokushauri usubiri Novemba na Desemba, fedha za korosho zikishapita mnadani na kuingia mifukoni mwa wakulima. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye duka la pikipiki. Kwa tamasha lisilo na kiingilio hauna maana, kwani wakati huo nusu ya watazamaji wako mashambani na mawingu yako juu ya mitambo.

Ukishapata wiki, ipitishe kwenye vichujio vingine. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe iliyokuwa salama miaka michache iliyopita inaweza isiwe salama tena. Wanafunzi wa kidato cha nne hawatakuja wakikaribia mitihani yao. Ratiba ya Ligi Kuu isomwe kabla ya bango kuchapishwa, kwa maana usiku wa Simba na Yanga hakuna filamu itakayomtoa mtu mbele ya televisheni, hata iwe imeigizwa na mdogo wake. Mwezi mpevu, ambao waandaaji wengi huuogopa, mimi huutafuta: mwanga wake ni hafifu mno ukilinganishwa na wa projekta, taa moja ya dukani hudhuru picha zaidi, na mbalamwezi humsaidia mama mwenye watoto wawili kurudi nyumbani kwa miguu bila wasiwasi.

Mahali

Usiku tatu zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Usiku wa kwanza unaweza kuwa ndani ya ukumbi wa chuo, ambako mitambo itajaribiwa bila upepo. Wa pili katika uwanja wa wazi mjini. Na wa tatu Mikindani. Mikindani iko kama kilomita 10 tu kutoka mjini, lakini mkazi wake hatalipa bodaboda kwenda na kurudi usiku kwa ajili ya filamu za dakika 10, kwa hiyo ni onyesho ndilo limfuate. Mji huo wenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 na nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani una vichochoro na viwanja vidogo ambavyo kwa sauti ni vizuri kuliko uwanja mkubwa wa mpira, kwani kuta huizuia isipotee. Msangamkuu, ng'ambo ya maji, nako kunavutia, ila ratiba ya kivuko ni jambo la kuheshimu, na jenereta kuvushwa usiku ni kazi ya mwaka wa pili, mkishazoeana na mitambo yenu.

Kagua mahali kwa saa ileile ya onyesho, kamwe usikague mchana. Simama pale kiwambo kitakapokuwa, kisha hesabu taa: ya barabarani, ya msikiti, ya duka la dawa, ya mama lishe. Kiwambo kielekezwe mahali ambapo taa hizo zitakigusa kwa nyuma, halafu mgongo wake ufunikwe kwa kitambaa cheusi ili mwanga usipenye. Sikiliza pia kuna baa gani jirani na muziki wake huanza saa ngapi. Kuhusu msikiti hakuna mjadala: katika miezi hiyo jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, giza la kutosha linapatikana kufikia saa 1 usiku, na kwa kuwa Isha hufuata muda si mrefu baadaye, ni busara kuanza filamu ya kwanza saa 2 kasorobo, watu wakishaswali. Anayeanza saa 1 kamili atalazimika kukata filamu katikati, na filamu ya dakika 8 ikikatwa katikati haina cha kubaki nacho.

Vibali na haki

Anza kwa Mtendaji wa mtaa husika, kisha uende kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ambaye atakuelekeza hatua zinazofuata, ikiwa ni pamoja na taarifa kwa polisi na maombi ya kutumia uwanja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo ndiyo msingi wa kazi za Bodi ya Filamu Tanzania, inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuoneshwa hadharani, na waandaaji wengi wachanga hudhani kwamba sharti hilo linahusu filamu ndefu za kuuza tu. Filamu fupi ya mwanafunzi nayo ni filamu. Kwa sababu hiyo orodha yako ya filamu lazima ikamilike mapema, miezi miwili kabla ikiwezekana, ili ukaguzi na upangaji wa madaraja ya umri usije ukawa unaendelea huku maturubai yanafungwa.

Upande wa haki za wenye kazi unaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuwa na nakala ya filamu, hata uliyoinunua kihalali, hakukupi ruhusa ya kuionesha mbele ya umati. Kila mwongozaji asaini karatasi moja inayotaja jina la filamu, tarehe na mahali pa onyesho, idadi ya maonyesho na kama kipande chake kinaweza kutumika kwenye matangazo. Katika karatasi hiyohiyo athibitishe kwamba muziki uliomo ni wake au ameruhusiwa kuutumia. Hapa ndipo filamu nyingi za bajeti ndogo huanguka, kwa sababu mwongozaji amechukua wimbo wa bongo fleva anaoupenda akauweka chini ya tukio la mapenzi bila kumwuliza mtu. Mweleze mapema ili apate nafasi ya kubadilisha. Kijana anayepiga marimba au gitaa pale mtaani Chikongola anaweza kumrekodia kitu kizuri zaidi kwa jioni moja.

Kuita filamu na kuzichagua

Kanuni za kushiriki zisizidi ukurasa mmoja. Zitaje urefu wa juu, mwaka ambao filamu ilikamilika, lugha, na tarehe ya mwisho. Katika matamasha mengi ya dunia filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, ila kwa hadhira iliyokaa juu ya mikeka ningeweka kikomo cha dakika 20, na ningependelea zilizo chini ya 12.

Suala gumu ni kufafanua bajeti ndogo. Ukitaja kiasi cha fedha utaletewa stakabadhi za kubuni, na hutakuwa na njia ya kuzikagua. Ni rahisi zaidi kuuliza filamu ni ya nani: je, mwongozaji ndiye aliyeamua kuitengeneza, na yeye ndiye mwenye haki zake? Swali hili ni muhimu huku kusini, ambako sehemu kubwa ya filamu fupi hutengenezwa kwa agizo la miradi ya afya, elimu au mazingira. Filamu hizo zina kazi yake, na baadhi zimepigwa vizuri kuliko zote utakazopokea, kwa vile mradi ulilipia kamera na taa. Lakini ukizishindanisha na filamu ya kijana wa Naliendele aliyetumia simu ya dada yake, utakuwa umeshindanisha mashua ya injini na mtumbwi. Zipewe kipindi chao cha alasiri, nje ya mashindano.

Usisahau ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010 njia ya barabara ipo. Filamu kutoka Msumbiji itakuja kwa Kireno au Kimakonde, na zile za Newala, Masasi au Lindi zinaweza kuwa na mazungumzo ya Kimakua, Kiyao au Kimwera. Dai manukuu ya Kiswahili kwa kila filamu isiyo ya Kiswahili. Pale isipowezekana kuna ufumbuzi wetu wenyewe, nao ni mtafsiri wa banda la video, yule anayekaa na kipaza sauti akiwasemea wahusika wote. Nimeona hadhira ikimsikiliza mtafsiri mzuri kwa makini kuliko inavyosoma manukuu. Masharti ni mawili: mwenye filamu akubali kwa maandishi, na mtafsiri aitazame filamu mara tatu kabla ili asije akaongeza vichekesho mahali pa msiba.

Kwa hatua ya uchaguzi, kiungo cha kutazamia mtandaoni kinatosha. Ukishaichagua filamu, usipokee nakala ya kuoneshea kwa njia ya WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu huibana picha hadi ikawa ukungu ikikuzwa. Nakala ije kwa flashi au diski, hata kwa kifurushi cha basi, ikiwa faili la MP4 la picha 1920 kwa 1080 na sauti ya njia mbili. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na mwongozaji asiyejua hilo atakutumia nakala iliyokatika bila yeye kufahamu. Mwombe atumie exFAT, nawe uitazame nakala mpaka mwisho siku hiyohiyo inapofika. Uifungue kwenye kompyuta ileile itakayotumika usiku wa onyesho.

Wachaguzi watatu wanatosha, mmojawapo awe mtu asiyejihusisha na filamu kabisa, kwa mfano mwalimu wa fasihi au fundi cherehani mwenye masikio mazuri ya hadithi. Binafsi siyaamini majedwali ya alama, ambayo huipa ushindi filamu isiyomkera yeyote. Kila mchaguzi aandike sentensi mbili juu ya kila filamu na mkutane mbishane. Mwenye ndugu au rafiki kwenye filamu inayojadiliwa atoke nje ya chumba; mji wetu ni mdogo, na bila kanuni hiyo maneno yatazunguka sokoni kabla ya bango kukauka gundi.

Kupanga programu ya usiku

Kipindi kimoja kisizidi dakika 80, pamoja na utangulizi. Filamu fupi sita au saba zinaingia humo. Ya kwanza iwe nyepesi na iwe na vicheko, kwa kuwa watu bado wanatafuta pa kukaa. Nzito ifuate wakishatulia. Filamu bora kuliko zote isiwekwe mwisho. Waandaaji wengi huiweka mwisho kwa heshima, lakini Mtwara ikifika saa 4 usiku watu huanza kufikiria bajaji ya kurudia Magomeni au Chuno, na filamu ya mwisho hutazamwa na waliokaa karibu na nyumbani pekee. Iweke ya pili kutoka mwisho, kisha ufunge na kitu kifupi cha dakika tatu au nne.

Hotuba ni adui wa programu. Kama ni lazima mgeni rasmi awepo, na mara nyingi ni lazima, apewe dakika tano kabla ya filamu ya kwanza, na barua ya mwaliko imweleze waziwazi kwamba filamu zitaanza saa 2 kasorobo hata kama bado yuko njiani. Nilipojaribu kuandika hivyo kwa mara ya kwanza niliambiwa ninakosa adabu. Usiku huo tulimsubiri mgeni kwa saa moja na nusu, watoto walilala, na mwongozaji mmoja aliyesafiri kutoka Tandahimba aliona filamu yake ikioneshwa kwa viti vitupu.

Kiwambo na picha

Kwa hadhira ya watu 200 hivi, kiwambo chenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25 kinafaa, na hivyo ndivyo vipimo vya umbo la picha ya 16 kwa 9. Kitambaa cha marekani kizito na cheupe, kilichoshonwa na fundi kwa mshono mmoja tu wa mlalo uliobanwa vizuri, hutoa picha nzuri kwa gharama ndogo kuliko kiwambo cha kununua. Pembezoni kishonewe pindo la kitambaa cheusi cha sentimita 10. Pindo hilo huifanya picha ionekane kali zaidi, na hakuna mtazamaji atakayejua sababu.

Sasa upepo. Mwaka mmoja tulifunga kitambaa kwenye fremu ya mianzi kwa kamba ngumu, tukakaza kila pembe kama ngoma. Filamu ya tatu ikiwa katikati, upepo ulitokea baharini kwa ghafla, kamba hazikulegea, na kitambaa kikachanika kutoka pembe hadi pembe kwa sauti ambayo hadhira ilidhani ni ya filamu. Tangu hapo hutumia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli badala ya kamba: mpira huvutika upepo ukija na kurudi ukipita, na kitambaa kinabaki kimenyooka. Nguzo zichimbiwe au zifungwe kwenye mapipa yaliyojazwa mchanga, na kila nguzo ivutwe kwa kamba mbili za nyuma na moja ya mbele. Upande wa chini wa kiwambo uwe angalau mita 1.5 kutoka ardhini, kwani manukuu hupita chini ya picha na ndiyo ya kwanza kufichwa na vichwa.

Projekta isiwe chini ya lumeni 3,000, ambazo ni kipimo cha nguvu ya mwanga wake. Ukipata ya 4,000 au 5,000, chukua. Projekta nyingi za kukodi huhitaji umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa picha, yaani mita 6 hadi 8 kwa kiwambo chetu, kwa hiyo itakuwa katikati ya watu. Izungushie kamba na umwekee kijana mmoja mwenye kazi hiyo tu. Kompyuta ikae hapohapo kwenye projekta, kwa sababu kebo ndefu ya HDMI, ikizidi mita 10 hadi 15, huanza kupoteza picha. Zima kwenye kompyuta hiyo kila kinachoweza kuchomoza: taarifa za ujumbe, masasisho, hali ya kulala. Unyevu wa chumvi ni tatizo la pwani ambalo mabingwa wa bara hawalitaji. Usiache projekta nje baada ya onyesho, ifunikwe mara tu feni yake inapozima, na lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini kila jioni kabla ya kuwasha. Wadudu nao huufuata mwanga. Taa moja ya manjano iliyotundikwa mbali, nyuma ya watu, huwapunguza.

Sauti

Kama kuna fedha ya kukodi kitu kimoja tu kizuri, kiwe spika. Mtazamaji huvumilia picha ya giza kwa dakika nyingi, bali mazungumzo yasiyosikika humchosha upesi, naye huanza kuzungumza na jirani yake, na hapo umepoteza safu nzima. Weka spika mbili, kila upande wa kiwambo moja, zikiwa juu ya usawa wa vichwa na zimegeuzwa kidogo kuelekea safu za katikati. Mwenye kukodisha muziki wa harusi atakuletea spika kubwa za besi na atazipanga kwa mazoea yake. Mwombe apunguze besi, aongeze sauti za kati, ambako ndiko maneno ya watu hukaa, na mjaribu kwa tukio la watu wawili wanaonong'ona, si kwa wimbo.

Filamu zilizotengenezwa na watu tofauti hazilingani kiwango cha sauti. Mchana wa onyesho pitieni kila moja, mwandike kwenye karatasi namba inayofaa ya mikisa, yaani kifaa cha kurekebisha sauti, na karatasi hiyo ikae mbele ya fundi mitambo. Bila hiyo, filamu ya kwanza itakuwa mnong'ono na ya pili itaamsha mtaa.

Umeme

Gesi ya Mnazi Bay huchomwa kuzalisha umeme hapahapa Mtwara, lakini hilo halimaanishi kwamba umeme hautakatika usiku wako. Jumlisha mahitaji: projekta karibu wati 300, kompyuta chini ya 100, spika na mikisa mia kadhaa. Jenereta ya kilowati 2 hadi 3 inatosha na kubakiza. Iwekwe umbali wa mita 40 hivi, nyuma ya ukuta na upande ambao upepo unaelekea, ili moshi na mlio viende kwingine. Projekta yenyewe ipitie kwenye kifaa cha betri ya akiba, kwa sababu taa yake huwa na joto kali na feni hutakiwa kuendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, taa inaweza kuharibika, na taa mpya si rahisi. Waya zifukiwe au zifunikwe kwa mikeka mizito kila zinapokatiza njia.

Fedha na watu

Wadhamini wa mji huu hutoa vitu kwa urahisi kuliko fedha, kwa hiyo omba vitu: viti na maturubai kwa mwenye navyo, vyumba viwili kwa mwenye nyumba ya wageni, maji kwa mwenye duka. Mikopo inayotolewa na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania inaweza kumfaa mtayarishaji anayeuza kazi yake, ila tamasha lisilo na kiingilio halina mapato ya kurejesha mkopo, na sishauri kuliingiza humo. Mama lishe na wauza korosho, ming'oko na pweza wa kuchoma wapewe nafasi kwa ada ndogo, nyuma ya watazamaji, na taa zao zielekezwe chini. Redio za mkoani na gari la matangazo hufikisha habari kuliko mabango. Gari lipite Ijumaa jioni na tena siku yenyewe kabla ya alasiri.

Mikeka itandikwe mbele kwa watoto, viti vifuate nyuma, na pawe na sehemu yenye mwanga hafifu kwa kina mama wanaopenda kuketi pamoja, karibu na njia ya kutokea. Choo na maji ya kunawa vikaguliwe mapema kama ilivyokaguliwa projekta.

Picha na sauti zikishalipiwa, fungu la kwanza la fedha taslimu ni la waongozaji. Nauli, chakula na malazi ya usiku mmoja vilipwe kabla hawajaondoka nyumbani, maana wengi wao hawana cha kukopesha tamasha, na kila filamu iliyooneshwa ilipiwe kitu, hata kiwe kidogo kiasi cha kuona haya kukitaja. Baada ya kila kipindi waongozaji wasimame mbele kwa dakika 15 za maswali. Mshereheshaji azuie maswali ya bei ya kamera, ambayo huwa ya kwanza kila mara, na aanze yeye mwenyewe kwa kuuliza juu ya tukio moja mahususi ndani ya filamu. Zawadi ya mshindi inaweza kuwa kinyago cha mpingo kilichochongwa hapahapa, jina la filamu likiwa limechongwa kwenye kitako. Kinadumu kuliko kikombe cha plastiki cha dukani, na fedha yake inabaki kwa mchongaji.

Wiki inayofuata

Andika barua kwa kila aliyetuma filamu, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa, na kwa huyu wa pili uongeze zile sentensi mbili zilizoandikwa na wachaguzi, zikiwa zimesafishwa lugha. Kwa mtengenezaji wa Nanyumbu au Ruangwa ambaye hajawahi kuoneshwa popote, hayo yanaweza kuwa maoni ya kwanza kupokea kutoka kwa mtu asiye ndugu yake. Tunza hesabu ya watazamaji wa kila usiku, iliyohesabiwa kwa vichwa na si kwa makisio, kwa sababu Halmashauri na wadhamini wataiuliza mwakani. Nakala zilizobaki kwenye kompyuta za tamasha zifutwe mbele ya watu wawili, karatasi ya kuthibitisha isainiwe, na kila flashi ifungwe kwenye bahasha pamoja na karatasi hiyo, irudishwe kwa mwenyewe kwa basi la asubuhi.